Maua ya Harusi ya Jumamosi, Litmasi ya Jumatatu

Saa nane usiku, harusi ikishakwisha, ukumbi huwa na harufu yake: pilau iliyopoa, marashi ya wageni na maua yaliyoanza kunyauka. Naijua harufu hiyo vizuri. Tangu mwaka wa kwanza nafanya kazi ya mapambo wikendi ili kuongezea bumu ambalo, wanakampasi mnajua, hukata kabla mwezi haujakata. Tunapamba Ijumaa usiku, tunafumua Jumamosi usiku, na kufumua ndiko kwenye kazi. Mawaridi mekundu na meupe, krisanthemamu za njano, majani ya kujazia, vyote vinachomolewa na kusukumwa kwenye mifuko mikubwa myeusi. Ukumbi wa kawaida hutoa mifuko sita au saba. Ua limekatwa shambani Arusha, limesafiri usiku kucha likiwa kwenye ubaridi, limepigwa picha kwa saa sita, halafu jalalani.

Sikuwa nayahurumia, niseme ukweli. Nilikuwa nayaona kama mzigo wa mwisho kabla ya kulala. Nilianza kuyatazama vingine mwaka jana, nilipopangiwa shule ya kufanyia mazoezi ya kufundisha, shule ya kata pembezoni mwa jiji. Nasoma ualimu wa Kemia na Baiolojia. Mwalimu mwenyeji, mzee mmoja mpole sana, alinikabidhi kidato cha tatu, wanafunzi 74, mada ya asidi, besi na chumvi. Nikamwuliza litmasi ziko wapi.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa litmasi tunaichora. Chaki nyekundu, chaki ya bluu."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa ananieleza hali ilivyo. Litmasi zilikwisha siku nyingi, na wanafunzi wale wangeulizwa kwenye mtihani juu ya kitu ambacho hawajawahi kukiona kikibadilika rangi hata mara moja. Nikarudi kitandani hosteli nikawaza: mimi kila Jumamosi natupa mifuko saba ya maua. Na petali nyekundu, kama kuna kitu nilichokikumbuka kutoka Baiolojia ya mwaka wa pili, zina rangi inayoitwa anthosayanini, na rangi hiyo hubadilika ikikutana na asidi au besi.

Kabla sijafika darasani, niwaambie kidogo habari ya wenzetu walioanza zamani na jambo hili, kwa sababu nilijifunza kwao mambo mawili matatu. Kule Kanpur, mji wa India ulio kando ya Mto Ganga, waumini hutoa maua hekaluni kila siku. Ua likishatolewa kwa ibada limekuwa takatifu, hivyo kulitia kwenye pipa la taka ni kulidharau. Basi hupelekwa mtoni. Nia ni njema kabisa, lakini maua hayo hulimwa kwa viuatilifu, na yanapooza majini viuatilifu hivyo hubaki humo, na maua yenyewe yanapooza hula hewa ya oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Mwaka 2017 kijana mmoja wa hapo, Ankit Agarwal, alianzisha kampuni iitwayo Phool, neno la Kihindi lenye maana ya ua. Wanakusanya maua mahekaluni, wanawake wanayachambua na kuyakausha, yanasagwa, na unga wake unasukumwa kwa mkono kuwa vijiti vya udi visivyo na mkaa ndani. Kilichonivutia mimi si udi. Ni kwamba hawakuwaambia watu waache kutoa maua. Walitafuta njia ya maua kuondoka hekaluni kwa heshima.

Sisi hatuna Ganga, na maua ya ukumbini hayana utakatifu wowote. Bwana harusi mwenyewe akiondoka hageuki nyuma kuyatazama. Lakini tuna maua mengi sana Afrika Mashariki. Mnakumbuka mwaka 2020, Korona ilipofunga masoko ya Ulaya na ndege zikapungua, mashamba ya Naivasha nchini Kenya yalitupa mawaridi kwa malori. Picha zile zilizunguka kila mahali. Watu walisikitika, halafu tukasahau.

Nilianza kwa kuiga udi wa Kanpur, na hapo nilichemsha. Nilikausha petali juu ya gazeti chini ya kitanda, nikazitwanga kwenye kinu cha kuazima, nikachanganya na uji mzito wa wanga wa mhogo, nikavingirisha kwenye vijiti vya mishikaki. Vilikauka vizuri, vikashika moto vizuri. Harufu yake? Majani ya shamba yanayochomwa. Mwenzangu wa chumba aliamka usingizini akadhani kuna moto korido. Kumbe harufu ya waridi imo kwenye mafuta mepesi sana yanayoruka upesi, na mawaridi ya maduka mengi yamechaguliwa kwa shina refu na kudumu siku nyingi, siyo kwa kunukia. Watengeneza udi huongeza mafuta ya harufu. Mafuta hayo yana bei, na bei hiyo mimi sina.

Mboji ilinikubali zaidi, ingawa nayo ina masharti yake. Sharti la kwanza ni kuchambua. Mapambo ya ukumbi yamejaa vitu visivyooza: waya, utepe, pini, na ile sponji ya kijani tunayochomekea mashina ili yanywe maji. Wengi hudhani sponji ile ni ya mimea kwa sababu ya rangi na inavyovunjika mkononi kama mkate mkavu. Ni plastiki ya aina ya fenoli. Haiozi, inasagika tu kuwa chembe ndogo zaidi na kubaki kwenye udongo. Ukiitia kwenye mboji umeharibu mboji yote. Baada ya kuchambua, maua mabichi yanahitaji vitu vikavu, majani makavu au maranda ya seremala, kwa makadirio ndoo mbili tatu kavu kwa ndoo moja ya maua. Bila hivyo yanalowana, yananuka, nzi wanakuja, na mlinzi anakuja pia. Mlinzi wa nyuma ya bweni letu alinijia siku ya nne. "Shikamoo baba," nikawahi. Akaitika marahaba, akachungulia shimo, akaniuliza kama nafuga panya. Nilipoongeza maranda na kugeuza kila wiki harufu ilikwisha, na baada ya miezi mitatu hivi nikapata udongo mweusi unaomeguka. Nimeuweka kwenye miche ya miti ya kivuli. Kwenye mchicha sitauweka, na sababu nitaisema mbele.

Rangi ya nguo nayo inawezekana. Krisanthemamu za njano ukizichemsha polepole kwa saa moja, kisha ukatia kitambaa cha pamba kilicholowekwa usiku kucha kwenye maji ya shabu, hupata njano iliyotulia. Shabu ndiyo inayoishikisha rangi kwenye uzi. Bila shabu rangi inaondoka kwenye ufuo wa kwanza. Nilitia rangi vitambaa vinne, dada zangu wakachukua vyote bila kulipa. Nikipiga hesabu ya pamba, shabu, mkaa na saa zangu, siwezi kusema ni biashara. Atakayesema ni biashara aniletee daftari lake la mauzo.

Sasa turudi darasani.

Kutengeneza kiashiria ni kazi ya jikoni. Unachukua petali za mawaridi mekundu sana, yale yanayokaribia zambarau ndiyo bora. Meupe hayana rangi tunayoitafuta, na ya njano hayabadiliki kwa namna ya kueleweka, hivyo yaende kwenye mboji. Vikombe viwili vya petali zilizochanwachanwa, kikombe kimoja cha maji ya moto, unafunika dakika ishirini. Usichemshe kwa fujo, maana moto mkali huifubaza rangi. Petali zitapauka na maji yatakuwa mekundu yenye uzito kama chai ya choya. Unachuja kwa chujio la chai. Tayari. Ukidondoshea limau, maji yanawaka pinki kali. Ukwaju na siki vilevile. Ukidondoshea maji ya magadi, yanageuka kijani mbele ya macho yako. Maji ya majivu, kijani. Maji ya sabuni ya mche, kijani. Maji ya chokaa yakizidi, kijani hicho huelekea njano. Chumvi ya kawaida haibadilishi kitu, na hilo nalo ni somo.

Lakini mimi sikutaka maji, nilitaka karatasi. Nilitaka wanafunzi washike kitu kinachofanana na litmasi ya kwenye kitabu. Jumapili nikakata vipande vya karatasi ya daftari, nikavichovya kwenye rangi, nikavianika kwenye kamba ya nguo. Usiku sikuviangalia tena. Nilikuwa nimetoka ukumbini alfajiri na macho hayafunguki. Jumatatu asubuhi nikavitia kwenye bahasha, nikapanda daladala.

Siku hiyo ndiyo msimamizi wangu kutoka chuoni alikuja kunitathmini. Alikaa dawati la nyuma na fomu yake. Nikaanza kwa Kiingereza cha darasani, nikaendelea kwa Kiswahili cha kueleweka, nikagawa vipande kwa vikundi kumi na viwili. Nikawaambia: tutaona rangi ikibadilika.

Binti mmoja wa dawati la pili akanyoosha mkono. "Mwalimu, hii yetu imeshabadilika hata hatujaanza."

Nikatazama. Vipande vyote vilikuwa vya kijani cha kijivu. Vyote. Wakadondoshea limau, vikawa pinki, darasa likapiga kelele za furaha na mimi nikapumua. Kisha wakadondoshea maji ya magadi kwenye vipande vingine. Hakuna kilichotokea. Kijani kilibaki kijani. Mvulana mmoja akauliza, kwa adabu tu, kama ina maana magadi si besi.

Wadau, nilinyong'onyea. Kule nyuma kalamu ya msimamizi ilikuwa inaandika.

Kilichoniokoa ni chupa. Nilikuwa nimebeba maji ya rangi yaliyobaki kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila sababu ya maana. Nikayamimina kwenye vifuniko vya chupa, kila kikundi vinne, na mrija uliokatwa kuwa wa kudondoshea. Hapo magadi yakawa kijani na limau likawa pinki, bega kwa bega. Nikarudi kwenye swali la yule binti na kuliandika ubaoni kama lilivyo: kwa nini karatasi ilibadilika kabla hatujaanza?

Jibu sikulijua palepale, na niliwaambia silijui. Tukalifuata pamoja. Nikawauliza, kama kijani ni dalili ya besi, besi ilitoka wapi? Wakataja maji. Tukajaribu maji peke yake, hayakugeuka kijani. Wakataja kamba ya nguo, kwamba huenda ilikuwa na sabuni. Si wazo baya. Mwisho mmoja wao akachukua karatasi safi ya daftari lake, akaichanachana, akaitia kwenye kifuniko chenye maji ya rangi na kuikoroga kwa mrija. Tukasubiri. Kengele ikakaribia. Rangi ikaanza kufifia kutoka wekundu kwenda kijivu. Ni karatasi yenyewe!

Jioni nilisoma ili nijue sababu. Karatasi nyingi za siku hizi za kuandikia na kuchapia hujazwa unga wa kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye mawe ya chokaa, ili ziwe nyeupe na zisipitishe mwanga. Kalsiamu kaboneti ni besi dhaifu. Rangi yangu ilikutana nayo ikiwa bado mbichi kwenye kamba, ikageuka kijani usiku huohuo. Limau lilikuwa na nguvu ya kuishinda ile chokaa, ndiyo maana pinki ilionekana. Magadi yalikuta kazi imeshafanyika.

Dawa yake ni rahisi ukishaijua. Kwenye kabati la maabara mwalimu mwenyeji alikuwa na boksi la zamani la karatasi za kuchujia, ambazo hazina ujazo huo, alinipa nusu. Kwa asiye na karatasi hizo, vipande vya kitambaa cheupe cha pamba vinafaa, ila kitambaa kilichofuliwa huwa na mabaki ya sabuni, na sabuni ni besi. Kichovye kwenye maji ya limau, kisha kisuuze mara tatu nne kwa maji safi, ndipo ukitie kwenye rangi. Anika kivulini, jua huifubaza. Na jaribu kipande kimoja kwa limau na kimoja kwa magadi kabla hujatoka nyumbani. Hilo la mwisho ndilo msimamizi aliloniandikia kwenye fomu, kwa herufi kubwa: jaribu vifaa kabla ya kipindi. Ana haki kabisa. Chini yake aliandika kwamba swali la mwanafunzi lilitumika vizuri, lakini kwa herufi ndogo.

Wiki iliyofuata tulirudia kwa vipande vipya. Walileta vitu vyao: ndimu, mtindi, soda, majivu ya jikoni, dawa ya meno, maji ya kisima cha shule. Maji ya kisima yalileta ubishi maana kipande kilikuwa kijivu, si pinki wala kijani, na kikundi kimoja kikagoma kuandika jibu. Niliwaacha wagome.

Kuhusu kuhifadhi: maji ya rangi hayakai. Siku ya tatu yanaanza kuchacha, ukungu unafuata. Chupa niliyomwachia mwalimu mwenyeji ofisini ilikuwa na utando mweupe mnene juu yake baada ya wiki mbili, akaniita nije kuona "mtoto wangu". Tulicheka, lakini ukungu huo nao una habari yake. Kule Kanpur waliona utando wa namna hiyo ukiota kwenye maua yaliyoachwa, wakautafiti badala ya kuutupa, na humo ikatoka kazi yao ya kutengeneza kitu mfano wa ngozi kwa ajili ya mikoba na viatu. Wakakiita Fleather. Mimi yangu niliimwaga. Kama unataka maji yako yadumu, loweka petali kwenye spiriti badala ya maji, na hapo mbali na jiko kabisa, spiriti inashika moto. Bora zaidi ni kukausha petali zenyewe. Zikikauka kivulini na kuwekwa kwenye kopo lisiloingiza hewa hukaa miezi, na siku unayotaka unamimina maji ya moto.

Sasa lile la mchicha. Maua ya mapambo hayalimwi ili yaliwe, na shamba linaweza kuyapulizia dawa kuliko mboga. Mabaki ya dawa hukaa kwenye petali. Kwa hiyo navaa glavu ninapochambua, wanafunzi wanakatazwa kuonja na wananawa baada ya kipindi, sufuria ya kiashiria hairudi jikoni, na mboji yake inakwenda kwenye miti. Nimeona watu wanatengeneza maji ya waridi ya kupaka usoni kwa mawaridi ya ukumbini. Mimi uso wangu siupeleki huko. Kuwa mwangalifu pia na maua yaliyotiwa rangi ya dukani. Waridi la bluu halipo shambani. Hilo limenyweshwa au kupuliziwa rangi, na rangi hiyo haijui asidi wala besi. Lifute kwa tishu yenye maji: ikiacha doa, liache.

Na mahafali yetu yanakuja. Najua mtaniambia tukusanye mashada siku hiyo. Nilizunguka mwaka jana jioni baada ya shughuli nikiwa na mfuko wangu, na karibu yote niliyookota yalikuwa ya plastiki na utepe wa kung'aa. Hayaozi, hayatoi rangi, na mengi yalivaliwa kwa saa mbili. Atakayeninunulia shada mwaka wangu, nawaambia mapema kwa maandishi, ani­letee mawaridi mekundu ya kweli, hata matatu. Ninajua pa kuyapeleka.

Kwa walimu wenzangu mnaoondoka kwenda field mwezi ujao: nina makopo manane ya petali kavu, kopo moja linatosha kipindi kimoja cha darasa kubwa, pamoja na karatasi chache za kuchujia. Njoo na kopo lako tupu tubadilishane. Na kama shule yako ina litmasi, mwachie mwenye kuichora ubaoni.